Kamba Yako Sitaishika

Shume, Jumamosi alasiri

Mwanangu Yunisi,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Umetoka hapa mchana na mama yako kwenda Lukozi kumuaga bibi yako, umevaa koti langu la kazini ambalo hukuniomba, na mafua yako ya juzi yamepona. Hali yangu na wewe unaijua, au unadhani unaijua. Tuyaache hayo.

Sitakuandikia habari za kuamka mapema, kula vizuri na kuchagua marafiki. Hizo anazo mama yako, na kesho kituoni, ukipanda basi la Dar, atakupa zote, pamoja na zile alizokupa mwaka jana ulipokwenda Tanga siku mbili tu. Mimi nina jambo moja. Nimeamua kuliandika kwa sababu nikilisema kwa mdomo nitaligeuza mzaha katikati. Unanijua baba yako.

Jumanne tulikuwa tunachagua viazi vya mbegu pale ghalani. Ukaniambia bila hata kuinua macho, "Baba, wale watu wa tamthilia wamesema niende na mtu wangu wa kunishikia kamba nikijirusha. Wao hawana fundi. Nataka uje wewe." Nikakujibu, "Tutaona." Kisha nikakuuliza kama gunia limejaa, na gunia nililiona mwenyewe kwamba halijajaa. Tangu siku hiyo hujarudia, na mimi sijakujibu. Hili ndilo jibu langu. Sitakuja, na nataka ujue kwa nini, maana hujawahi kuambiwa ukweli na mtu yeyote, na mkosaji wa kwanza katika hilo ni mimi.

Ulizaliwa ukanikuta mkusanya mbegu wa msitu. Ukiwaeleza watu wa Dar kazi hii watakucheka. Wanadhani miti inaota tu. Kumbe ili shamba jipya la misindano, hii misonobari yetu, lipandwe, lazima mtu apande juu ya ile ya zamani, mirefu, minyoofu, isiyo na tawi la chini la kushika, avune koni, yale matunda yake makavu yenye mbegu, kabla hazijafunguka, azitupe chini, zikaushwe, zitoe mbegu za kitaluni. Tulifanya kazi wawili wawili. Mmoja juu na mmoja chini. Kamba ilitoka kiunoni kwa wa juu, ikapita kwenye tawi nene lililo juu ya kichwa chake, ikashuka mpaka chini, ikazungushwa mara mbili kwenye shina la mti wa jirani, na ncha yake ikawa mikononi mwa wa chini. Ukilegeza, mwenzako anashuka. Ukikaza, anasimama hewani hata awe mzito kama mchungaji wetu. Wa juu ndiye aliyesifiwa na wapita njia. Wa chini alirudi nyumbani shingo ikimuuma kwa kutazama juu kutwa nzima.

Wa juu alikuwa Mhina. Ndiyo, huyo huyo mjomba Mhina wako, ingawa si ndugu yetu hata kidogo. Wa chini alikuwa mimi. Tulifanya hivyo miaka tisa.

Yeye ni Mzigua wa Handeni, mimi Msambaa, na utani wa makabila yetu unaujua tangu ukiwa mdogo. Umemwona alipokuja kwenye msiba wa babu yako akajilaza kaburini akidai kwamba nafasi ile aliilipia yeye, na wajomba zako wakalazimika kumpa jogoo ndipo atoke. Kwa mtani huna ruhusa ya kununa. Kazini tulitaniana kutoka asubuhi mpaka filimbi ya jioni. Akiwa juu kabisa alipiga kelele, "We Msambaa, kaza, unataka kuniua!" Na mimi nikamjibu kutoka chini, "Kafie mbele! Sanda nimeshanunua, usinitie hasara!" Nikamwambia kwao Handeni mti mrefu ni mhindi, ndiyo maana anaogopa. Yeye akasema sisi tumekula mboga mpaka mishipa imekuwa ya kijani. Siku nzima hivyo. Wanawake waliookota koni walisema bila sisi kazi ingewashinda.

Nimeandika hayo kwa kirefu makusudi. Soma tena alichokuwa akikisema akiwa juu. Alisema "kaza" labda mara thelathini kwa siku, na katika hizo thelathini hakuna hata moja aliyomaanisha. Akiwa anamaanisha kweli alivuta kamba mara tatu. Hiyo ndiyo ilikuwa alama yetu. Hatukukaa tukaipanga, ilizoeleka tu.

Sasa nije kwenye habari ya picha ya sinema.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka ya Lushoto yalianza kuwa na sabuni ya kuchagua badala ya sabuni ya foleni, watu wakaanza kuvaa mitumba mchana kweupe, na wageni wakaingia na shughuli za kila aina. Wengine waliingia na kamera. Walikuja Wazungu saba na vijana kadhaa wa Nairobi, na mkalimani mmoja kutoka Tanga aliyekuwa akitafsiri hata kikohozi. Walitaka msitu wa asili wenye ukungu. Wakapewa. Walitaka mti mkubwa ambao mtu angepigwa risasi akiwa juu yake na kuanguka. Bwana misitu akawaonyesha mkulo mmoja mzee, upande wa juu wa mashamba ya misindano.

Steringi wao alikuwa kijana wa Nairobi mwenye kifua cha kutisha. Aliutazama ule mkulo mpaka kilele. Akakataa kwa Kiingereza. Alipoona hawamwelewi akakataa kwa Kiswahili, na mwisho akakataa kwa kukaa chini. Hapo ndipo bwana misitu akatuita mimi na Mhina, maana Mhina alilingana naye kimo. Wakamvalisha shati la steringi. Mhina akanigeukia akasema, "Leo nakufa nikiwa msafi." Tukacheka wote, na Wazungu wakacheka bila kujua wanacheka nini.

Wewe ulikuwa na miaka minne. Mama yako alikuwa amekubeba mgongoni, amesimama na watu wa kijiji waliokuja kutazama. Sijui kama unakumbuka chochote. Natumaini hukumbuki.

Mpango tuliupanga sisi wenyewe, Mhina na mimi. Asimame kwenye tawi la chini, kamba ipite tawi la juu. Nilegeze kamba kiasi cha pima kadhaa ili anapojiachia aanguke kweli, kisha nikaze anapofika usawa wa kitambaa chekundu tulichokifunga kwenye shina. Abaki akining'inia juu kidogo ya kimo cha mtu, kamera isionyeshe chini ya hapo. Nilikuwa na uhakika nayo. Mikono yangu ilimjua Mhina uzito wake hata akila ugali mwingi.

Mara ya kwanza alijiachia nikakaza mapema mno. Dairekta akatikisa kichwa. Mara ya pili nikakaza mapema tena, maana mikono iliyozoea kumshika mtu miaka tisa haikubali kirahisi kumwacha aanguke. Dairekta akasema kitu kirefu. Mkalimani akanitafsiria kwa ufupi, "Anasema wewe ni mwoga." Watu wakacheka, na safari hii walinicheka mimi. Mama yako alikuwa palepale, na wewe, na bwana misitu. Nikamwambia mkalimani, "Mwambie mara ya tatu kamba nitaiacha."

Mhina akapanda tena. Nikalegeza kamba kuliko mara zote. Dairekta akainua mkono wake, na Mhina alitakiwa ajiachie mkono ule ukishuka. Kabla haujashuka Mhina akapiga kelele, "We Msambaa, kaza! Kaza kwanza!"

Nikamjibu, "Kafie mbele! Sanda iko tayari!" Wakacheka msitu mzima.

Akasema tena, "Kaza nakwambia!"

Tawi alilosimamia lilikuwa limeanza kuchanika kwa zile mara mbili za kwanza. Alishika shina kwa mikono miwili, hakuwa na mkono wa tatu wa kuvuta kamba. Tawi likakatika. Kamba ilipoanza kukimbia ilinikuta sijajiandaa, ikapita viganjani ikichukua ngozi, na kitambaa chekundu alikipita kabla sijaweza kuikaza. Akaangukia mizizi. Haya makovu ya viganjani uliyokuwa ukiyapapasa ukiwa mdogo, ukiuliza ni ya nini, nilikuambia ni ya kamba. Sikukudanganya, ila nilikata maelezo.

Gari la Wazungu lilimpeleka hospitali. Nyonga ilivunjika, na mguu mmoja ukabaki mfupi kama unavyomwona. Hakupanda mti tena. Ndiyo maana anashona viatu sokoni Lukozi, mtu ambaye alikuwa akitembea juu ya misindano kama wewe unavyotembea uani.

Mimi niliulizwa na kila mtu, na kila mtu nilimjibu neno moja, "Nilidhani ni utani." Bwana misitu alitikisa kichwa kwa huruma. Wazee walitikisa kichwa. Hata mke wa Mhina alisema, "Ni kweli, hawa wawili walizidi." Maelezo yalimtosha kila mtu, na mimi nikakaa ndani yake miaka yote hii kama mtu aliyepata nyumba ya bure.

Sasa nisikilize, maana hili sijamwambia hata mama yako. Mara ya kwanza nilidhani ni utani. Mara ya pili nilisikia. Sauti ya Mhina ilikuwa imebadilika, haikuwa na kicheko ndani yake, na mimi nilimjua Mhina kuliko ndugu zake. Nilisikia, na mikono ikataka kukaza. Nikamtazama dairekta, mkono wake ukiwa bado juu, nikafikiri nikikaza sasa nitakuwa nimeharibu mara ya tatu, nitaitwa mwoga tena mbele ya mke wangu. Nilisubiri kidogo tu. Utani ulinipa pa kujificha baadaye, lakini siku yenyewe haukunidanganya. Naona aibu kuandika haya kwa mkono wangu, mwanangu. Nimeacha kalamu mara mbili nikaenda kutazama jiko ambalo halina moto.

Kuna jingine, nalo ni lako.

Miaka miwili baadaye wale Wazungu walituma kaseti kwenye ofisi ya msitu kama shukrani. Ikaonyeshwa kwenye banda la video pale Lukozi, watu wakajaa mpaka madirishani. Nilikwenda kwa sababu nisingekwenda wangeuliza. Nilikupakata mapajani. Nilidhani wangetumia ile mara ya kwanza au ya pili. Walitumia ya tatu. Walitia muziki, na sauti ya Mhina walikuwa wameiondoa, mdomo tu unaonekana ukifunguka. Tawi lilikatika, mtu akaanguka, na vijana wakapiga miluzi, "Steringi kafa!" Na wewe, mwanangu, ukasimama juu ya mapaja yangu ukapiga makofi. Ukasema, "Baba, mwambie arudishe, aanguke tena!"

Mwenye banda akarudisha. Akaanguka tena. Ukacheka mpaka ukapaliwa.

Hapo ndipo ulipoanza kuipenda kazi hii. Wewe unadhani ni zile picha za karate ulizotoroka shule kwenda kuziona. Mimi nakumbuka. Ulikuwa na miaka sita, na kitu cha kwanza ulichokipenda kwenye kioo kilikuwa mtu niliyemwangusha mimi. Sikukuambia yule ni mjomba Mhina, na yeye hakukuambia.

Kwa hiyo ulipofika miaka kumi na mitatu nikakukuta kule kiwandani ukijirusha kutoka juu ya magogo kwenye lundo la vumbi la mbao, na wenzako wanahesabu moja, mbili, tatu, sikuona mtoto anayecheza. Nilikuchapa kwa mkanda wangu wa kazi. Nilikuchapa kupita kiasi, mpaka mlinzi wa kiwanda akanishika mkono akasema, "Baba Yunisi, inatosha, ni mtoto wa kike." Ulinitazama bila kulia. Nilikuwa nampiga mtu mwingine, na mtu huyo hakuwapo pale. Haikusaidii kujua hivyo sasa, lakini nisamehe.

Kipigo hakikukuzuia, kilikufundisha tu kunificha. Baada ya miezi nikasikia kwamba Mhina ndiye anayekufundisha. Jioni akifunga kazi ya viatu anakuja na fimbo yake, anakaa juu ya gogo, anakuelekeza jinsi ya kukunja magoti, kutoa pumzi kabla ya kugusa chini, kubiringika kwa bega wala si kwa mgongo. Nilikwenda kumuuliza. Alikuwa na wateja watatu pale. Akasema kwa sauti ya kusikika na soko zima, "Namfundisha kuanguka kwa sababu namjua anayeshika kamba nyumbani kwao!" Wateja wakavunjika mbavu. Nikacheka na mimi. Nikarudi nyumbani nimeshindwa kula.

Hiyo ndiyo shida ya mtani, mwanangu. Kwenye kila harusi na kila msiba Mhina ananinyooshea fimbo na kusema, "Huyu ndiye mwuaji wangu, mtazameni vizuri." Watu wanacheka, na mimi sijui kama anatania au anamaanisha. Kumuuliza kama ana hasira huruhusiwi, na kuomba radhi ni kuvunja utani. Niliwahi kujaribu. Nilimpelekea jogoo nyumbani kwake, nikasema, "Mhina, nimekuja tuongee lile jambo." Akasema, "Umekuja kumalizia? Ngoja basi ninywe chai kwanza." Mkewe akacheka, watoto wakacheka. Nikaacha jogoo nikaondoka. Ni miaka mingapi sasa? Sijawahi kupata nafasi ya pili, au niseme kweli, sikuitafuta.

Halafu mwaka jana wakaja wale watu wa tamthilia kutoka Dar. Dada yule mwigizaji alikataa kujirusha kutoka kwenye lori, wewe ukajitokeza, ukavaa kitenge chake, ukaanguka vizuri mara moja tu wakamaliza. Nilikuwa kule nyuma ya watu. Hukuniona. Niliona ulivyokunja magoti, ulivyotoa pumzi, bega lako lilivyogusa ardhi. Lilikuwa anguko la Mhina, lile alilopaswa kuanguka siku ile. Nilijivuna na kuogopa wakati mmoja. Walipoleta habari kwamba wanakutaka, nilijua kwamba sina la kufanya. Una miaka ishirini, una kazi unayoijua, na hapa kiwanda kimeuzwa, sisi wa serikalini tumepunguzwa, wasichana wa rika lako wanangoja kabichi zipande bei. Nikuzuie nikupe nini?

Nimebaki na swali lako tu. "Nataka uje wewe." Nataka ujue kwamba tangu Jumanne silali vizuri kwa furaha na kwa hofu. Hakuna mtu aliyenitaka nishike kamba tangu siku ile. Nilianza hata kutafuta glavu zangu.

Leo mchana, mlipokwisha kuondoka, Mhina akaja. Amepanda kilima chote hiki na mguu ule. Alikuletea kinga za magoti alizokushonea kwa mpira wa tairi na vipande vya godoro. Ziko kitandani kwako. Nikamwita ndani kwa salamu yetu ya Kisambaa ya mchana, "Onga mshi, mzee." Nikamtengea kigoda. Alipoketi nikamwambia mara moja kabla hajaanza kelele zake. Nilisema, "Yunisi ameniomba niende nikamshikie kamba."

Nikangoja anitukane. Nilikuwa tayari kucheka.

Akaniuliza kwa sauti ya chini, ambayo sijaisikia tangu tulipokuwa vijana, "Siku ile, nilipokuita mara ya pili, ulinisikia?"

Yunisi, nilikuwa na lile jibu langu mdomoni. Lilikuwa limeshafika mbele ya meno. Nikasema, "Nilikusikia."

Akaitazama mikono yangu. Akasema, "Nilijua. Basi kamba ya mtoto usiishike."

Nikamwambia, "Mhina, nisamehe." Akachukua fimbo yake, akainuka kwa shida, nikataka kumshika mkono akaukwepa. Mlangoni aliniaga, "Haya, mchana mwema," kama mtu aliyekuja kuuliza njia. Nilimsindikiza kwa macho mpaka kwenye kona nikitumaini atageuka aniite mwuaji. Hakugeuka. Nadhani leo nimempoteza mtani wangu, na sina wa kumlaumu.

Kwa hiyo ningeweza kukuficha, lakini yeye hatanisikiliza tena nikitania, na mimi siwezi tena kujidanganya. Hiyo ndiyo sababu. Si uzee, si mgongo, si shamba la viazi, ingawa mama yako nitamwambia ni mgongo.

Utapata mtu mwingine huko. Inaniuma kuandika hivyo, maana simjui, na sina uwezo juu yake. Atakuwa kijana fulani wa Magomeni au Temeke ambaye sitawahi kumwona, naye atakuwa na uhai wako mikononi huku akifikiria chakula cha mchana. Usimpime kwa nguvu. Mpime hivi. Siku ya kwanza, kabla ya kazi yenyewe, ukiwa chini bado, mwambie "kaza" ghafla bila sababu, mbele ya watu, dairekta akiwa ameinua mkono. Akikaza kwanza ndipo aulize kwa nini, huyo anafaa. Akikutazama usoni ajue kama unatania, mpe mkono, mshukuru, mtafute mwingine. Akiwa mcheshi sana mpende nje ya kazi. Na chagueni neno moja ambalo hamtalitumia kwa mzaha hata siku moja, hata mkiwa mnakunywa soda. Mimi na Mhina hatukuwa nalo. Tulikuwa na kuvuta kamba mara tatu, na siku yenyewe mikono yake ilikuwa na kazi nyingine.

Wakikuita mwoga, waache wakuite. Sijui nikwambie vipi uzito wa jambo hili dogo. Jina hilo lingenipita kwa siku mbili tatu, kisha lingesahaulika. Nilimwangusha mtu ili nisiitwe hivyo mara ya pili.

Nasikia sauti za wanawake barabarani, nadhani ni ninyi mnarudi. Barua hii nitaiweka chini ya hizo kinga za magoti, uione ukianza kufunga mzigo. Isome leo, usiibebe kwenda kuisomea njiani. Kisha ukitaka kunichukia, nichukie leo, nikuone ukinichukia, kuliko niwe nakisia ukiwa mbali. Na ukitaka kwenda kumwaga machozi kwa Mhina, nenda. Atakupokea wewe.

Kesho nitakubebea mzigo mpaka kituoni. Tutasimama pale kwenye baridi, mama yako atarudia yake, kondakta ataita. Nakuomba jambo moja tu, na naliomba kama mtu anayeomba maji. Ukiwa umekanyaga ngazi ya basi usinigeukie ukasema, "Baba, njoo." Umeniomba mara moja, nimepata nguvu ya kukataa kwa kuandika kurasa zote hizi. Ukiniomba mara ya pili sitaweza. Nitapanda na nguo nilizovaa, nitakuja, nitashika kamba yako.

Kwa hiyo usiniombe, mwanangu.

Baba yako